Koti Lenye Zipu Mbovu: Ninavyopanga Pesa za Timu ya Mtaa Hapa Moshi

Kofia ilitoka kwenye robota la nguo za watoto, mezani kwangu pale soko la mitumba la Memorial, miaka minne iliyopita. Ya kijani, ukingo wa njano, herufi A kubwa mbele. Wateja watatu waliiulizia siku hiyohiyo wakidhani ni ya Yanga. Mimi ni Simba wa damu, nikaitupa chini ya meza ikakae na soksi zisizo na wenzake. Jioni mpwa wangu alipopita kunisaidia kufunga mzigo, akaiokota. Yeye hupandisha wageni mlimani.

"Shangazi, hii siyo Yanga. Hii ni Oakland. Nilikuwa na wageni wawili walibishana juu ya timu hii kuanzia geti la Machame mpaka kambi ya Shira."

Walichokuwa wakibishania ni bwana mmoja anaitwa Billy Beane, aliyekuwa meneja mkuu wa timu ya besiboli ya Oakland kule California, na kama alichofanya kilikuwa akili au ubahili tu. Niliketi nikasikiliza, kwa sababu wiki ileile nilikuwa nimekabidhiwa uweka hazina wa timu yetu ya Pasua. Timu haina ofisi wala basi. Ina jezi seti mbili, na seti moja ina namba 4 mbili, mpaka leo waamuzi wanatusumbua nayo. Mweka hazina aliyenitangulia alihamia Dar na kutuachia kaunta buku lenye kurasa zilizochanwa. Ninayoandika hapa ni kwa yeyote aliyekabidhiwa daftari la namna hiyo na hajui aanzie wapi.

Huyo Beane alifanya nini

Nitapita haraka, maana besiboli siijui kwa kuicheza. Kabla yake alikuwepo mwanasheria, Sandy Alderson, aliyeiongoza Oakland tangu 1983. Mwenye timu wakati huo, Walter Haas, alikuwa na mkono wazi, na timu ikafika fainali ya ubingwa mara tatu mfululizo, 1988, 1989 na 1990, ikashinda ile ya 1989. Timu ilipouzwa mwaka 1995, wenye nayo wapya hawakutaka kutoa pesa za namna ile. Alderson akalazimika kutafuta wachezaji kwa hesabu badala ya pochi. Mwaka 1997 akamwachia kiti Beane, na Beane akaipeleka kazi hiyo mbali zaidi.

Msimu wa 2001 Oakland walishinda mechi 102. Ukaisha, wakachukuliwa watu wao wakubwa: Jason Giambi akaenda New York Yankees kwa mkataba wa miaka saba wa dola milioni 120, Johnny Damon akaenda Boston, Jason Isringhausen akaenda St. Louis. Oakland ilikuwa na kama dola milioni 40 za mishahara ya timu nzima. New York walikuwa na zaidi ya milioni 120. Mwaka 2002 timu zote mbili zikashinda mechi sawasawa, 103 kwa 103. Kuelekea mwisho wa msimu huo Oakland walishinda mechi 20 mfululizo.

Mpwa wangu aliponitajia hesabu hiyo nilimwambia arudie.

Jua mechi moja inakula kiasi gani

Wengi wakipewa daftari wanauliza kwanza, "Tuna shilingi ngapi?" Hilo swali linakupeleka pabaya, kwa sababu jibu likiwa laki nne utajiona tajiri. Mimi naanza na mechi moja. Mechi ya nyumbani kwetu: waamuzi 30,000, maji 6,000, chokaa ya kuchorea uwanja 5,000, barafu na bandeji 4,000. Jumla 45,000. Mechi ya ugenini: hiace ya kukodi kwenda na kurudi 70,000 kwa wastani (Himo ni nafuu, Same inauma), maji 6,000, ndizi na soda baada ya mechi 20,000, barafu na bandeji 4,000. Jumla 100,000.

Ligi yetu ina timu nane, kwa hiyo tunacheza saba nyumbani na saba ugenini. Nyumbani 315,000, ugenini 700,000. Msimu mzima 1,015,000, na hapo hujanunua mpira hata mmoja wala kumpa kocha nauli.

Namba hii niliiandika kwa peni nyekundu kwenye jalada la ndani. Mtu akija na wazo lolote, namfungulia jalada kwanza. Ukishajua kwamba timu haiwezi kumaliza msimu bila milioni moja na ushee, basi laki nne zilizoko mkononi zinakuwa ni mechi nne za ugenini. Pesa ninazihesabu kwa mechi. Njumu za mfungaji wetu ni nusu ya safari ya Mwanga. Ukisema hivyo mbele ya kamati, kelele zinapungua.

Pesa yenyewe isikae kwenye simu ya mtu mmoja, hata akiwa mchungaji. Sisi tuna akaunti ya kikundi kwenye simu, na kutoa hela lazima tukubali watu watatu. Risiti nabandika kwa gundi kwenye kaunta buku. Pasipo risiti, kama kwa muuza barafu, aliyenunua anaandika jina na kusaini.

Desemba ni mtego

Hapa Uchagani Desemba ina mambo yake. Kuanzia tarehe 20 hivi magari yanaanza kupanda migombani kutoka Dar na Mwanza, watu wamekuja nyumbani kula Krismasi, na jioni wanakuja uwanjani wakiwa wameshiba na wamepata mbege kidogo. Mtu anaona vijana wa mtaa aliozaliwa wanacheza peku, anachomoa laki. Mwingine haoni sababu ya kushindwa, anachomoa laki na nusu. Mwaka wangu wa kwanza tulikusanya 860,000 kwa siku tisa.

Tukafanya ujinga. Kulikuwa na mashindano ya Krismasi, zawadi mbuzi na seti ya jezi, na kila timu ilikuwa inaleta mamluki. Kamati ikasema nasi tulete. Tukamchukua straika mmoja mwenye jina kwa 400,000, na chakula juu. Alifunga magoli mawili, moja la kichwa zuri kweli, nisimnyime haki yake. Tukatolewa nusu fainali. Tarehe 3 Januari alikuwa ameshaondoka.

Mwezi wa tatu, mvua zimeanza, tukawa na mechi Same na mfukoni 22,000. Hatukwenda. Wenzetu wakapewa pointi tatu na magoli matatu ya mezani, sisi tukapigwa faini juu yake. Nilikaa dukani siku hiyo nikikunja masweta na kuona haya hata kumtazama kocha alipopita.

Basi kanuni yangu sasa: pesa ya Desemba inalipa usafiri wa Machi mpaka Mei kabla haijalipa kitu kingine chochote. Januari mosi namwita dereva wa hiace, namlipa kianzio cha safari tatu za mbali. Ikishatoka mikononi mwetu, hakuna wa kuishawishi. Na wale ndugu wa Dar huwa nawapigia mwezi wa sita, kipindi hawana cha kumwonyesha mtu, nawaomba elfu kumi kumi. Wengi wanatuma. Aliyetoa laki moja mbele ya watu ni shida kumpata tena, lakini wa elfu kumi kila miezi miwili anakuwa wetu.

Kuchambua robota

Sasa nafika kwenye jambo lililonifanya nikipende kisa cha Oakland, kwa sababu ni biashara yangu ileile.

Robota likifunguliwa, kila mwenye meza anarukia jinzi na vitu vyenye nembo. Bei inapanda hapohapo, na ukishanunua jinzi kwa bei ya kugombania, faida yako imebaki kama unyasi. Mimi nakula kwenye vitu viwili. Kwanza masweta: nanunua Januari jua linachoma, nauza Juni na Julai Moshi ikipoa. Pili, koti lenye zipu mbovu. Koti zuri, kitambaa kizima, zipu imekatika, wenzangu wanalisukuma pembeni. Nalichukua kwa bei ya kitambaa cha kudeki, fundi ananiwekea zipu kwa elfu mbili, jioni limeshavaliwa na mwalimu.

Beane alikuwa na koti lake, anaitwa Scott Hatteberg. Alikuwa mdakaji wa Boston, yule anayekaa nyuma ya mpigaji kudaka mipira ya mrushaji, akaumia neva ya kiwiko, mkono wa kurushia ukaharibika. Mdakaji asiyeweza kurusha ni zipu iliyokatika, hakuna aliyemtaka. Lakini Oakland walikuwa wametazama kitu kingine. Katika besiboli wapigaji wa timu wakishatolewa mara 27, zamu zao za kupiga zimeisha. Mpigaji ambaye hatolewi ni mali, hata kama hapigi mpira ukapotelea jukwaani. Hatteberg alikuwa na subira. Mrushaji akitupa mipira minne nje ya eneo la kupigia, mpigaji anatembea bure hadi kituo cha kwanza, na huyu bwana alijua kuiacha ile mibaya ipite. Soko lilikuwa linalipia misuli na mbio, kufika kituoni halikulipia sana. Wakamnunua kwa bei ndogo, wakambadilishia nafasi, akafundishwa kulinda kituo cha kwanza ambako kurusha si kazi kubwa. Tarehe 4 Septemba 2002 Oakland waliongoza 11 kwa 0 dhidi ya Kansas City, wakazubaa mpaka ikawa 11 kwa 11, na aliyepiga mpira wa mwisho ukatoka nje ya uwanja, ukaleta ushindi wa 20, ni huyo Hatteberg.

Kwetu mpira wa miguu hauna takwimu za namna hiyo, na sina kompyuta. Nina kaunta buku na peni. Nikaanza kuchora mstari kila tulipofungwa, na pembeni naandika limetokaje. Kamati nzima ilikuwa inaamini tatizo letu ni straika. Mwisho wa msimu nikahesabu: tulifungwa magoli 19, na 8 kati ya hayo yalitoka kwenye kona na faulo za pembeni. Straika wa laki nne asingezuia hata moja.

Tulimpata kijana wa Njoro, kijana kwa heshima tu maana ana miaka 31, fundi wa kuchomelea mageti. Zamani alikuwa winga, goti likachoka, timu yake ikamwacha. Mrefu, anaruka vizuri, ana mdomo wa kupanga wenzake. Kocha hakumtaka. "Mama, huyu hawezi kukimbia." Nikamuuliza, beki wa kati kwenye kona anakimbia kwenda wapi? Akacheka, akakubali tumjaribu mechi mbili. Gharama yake ni nauli 2,000 ya bodaboda kila akija. Msimu uliofuata tulifungwa matatu tu kwa kona na faulo, na kutoka nafasi ya saba tukapanda mpaka ya tatu.

Wewe utakachohesabu kinaweza kuwa tofauti. Angalia timu yako. Pengine mnapoteza mechi dakika ishirini za mwisho kwa sababu vijana wamekuja bila kula, na dawa yake ni uji wa saa nne asubuhi. Chagua kitu kimoja au viwili, usiandike mambo kumi, utaacha wiki ya tatu. Na aandike mtu asiyepiga kelele wakati wa mechi. Mimi nikiandika siongei na mtu.

Kuna jambo moja kuhusu Beane linalonichekesha na kunihuzunisha pamoja. Yeye mwenyewe alikuwa jinzi ya nembo. Mwaka 1980 timu ya New York Mets ilimchagua katika raundi ya kwanza, mrefu, mzuri, ana mbio, kila mtu akisema huyo ndiye. Akacheza miaka kadhaa bila kufika popote, na mwaka 1990 akaomba mwenyewe aache kucheza awe mtafuta vipaji. Ndiyo maana kijana akija kwetu na njumu za rangi na nywele zimechongwa, mimi nasubiri mechi tatu.

Wale wasiosimuliwa

Wageni wa mpwa wangu, kama watu wengi, walimsimulia Hatteberg tu. Nilipomtuma mpwa atafute zaidi kwenye simu, nikaona kumbe mzigo mkubwa wa ile timu ya 2002 ulibebwa na warushaji watatu, Tim Hudson, Mark Mulder na Barry Zito, ambao Oakland iliwachukua wakiwa wabichi na kuwakuza yenyewe. Mwaka huohuo Zito alipata tuzo ya mrushaji bora wa upande wao wa ligi, na Miguel Tejada, naye wa kukuzwa palepale, akawa mchezaji bora. Walikuwa bado kwenye mishahara ya mwanzo. Zipu mbovu peke yake isingeshinda mechi 103.

Kwa hiyo katika kila shilingi elfu kumi inayoingia, elfu mbili ni ya watoto wa chini ya miaka 17. Haijadiliwi. Inanunua mipira, na mpira ukichanika unashonwa, hautupwi. Mtoto wa Pasua haombi nauli, anakuja kwa miguu, na mama yake anakuja kumtazama na siku ya mchango anatoa. Wanne kati ya kikosi chetu cha sasa walianza hivyo.

Mkubwa akimtaka mchezaji wako

Atatakiwa tu, ukimkuza vizuri. Usimzuie, utamharibia maisha na atacheza kwa kinyongo. Lakini usikubali ahadi ya mdomo. Mwaka mmoja tulimwachia kiungo wetu kwa timu kubwa kidogo iliyotuahidi mipira sita na seti ya jezi "wiki ijayo". Hiyo wiki bado haijafika. Siku hizi barua ya kumwachia inaandikwa, nakala mbili, na haisainiwi mpaka vifaa viko mezani kwangu, nimevihesabu. Naomba vifaa kuliko pesa, kwa sababu viongozi wa timu kubwa ni wepesi kutoa mipira ya stoo kuliko kufungua pochi.

Na mwachie mapema. Desemba 2004 Beane aliwatoa Hudson na Mulder kabla mikataba haijaisha, akapata vijana badala yao. Giambi alikuwa ameondoka mkataba umekwisha, timu haikupata mchezaji hata mmoja kutoka New York, ila nafasi za kuchagua chipukizi tu. Kijana wako akianza kuitwa kwenye majaribio kila mwezi, zungumza na wanaomwita leo.

Pasipobanwa

Nisikufiche upande wa pili. Oakland ya Beane ilitolewa raundi ya kwanza mwaka uleule wa 2002, na Minnesota, mechi 3 kwa 2, na haikuwahi kuchukua ubingwa mikononi mwake. Boston walimtaka mwaka huo kwa dola milioni 12.5 za miaka mitano, akakataa. Wakaendelea na mtu mwingine mwenye kuhesabu vilevile lakini mwenye pesa, na mwaka 2004 wakabeba ubingwa walioungoja miaka 86. Na Oakland? Baada ya msimu wa 2024 timu iliondoka kabisa mjini, ikahamia Sacramento ikisubiri uwanja Las Vegas. Mashabiki wake walikuwa wakilalamika miaka mingi kwamba wenye timu wamejificha nyuma ya sifa ya kubana matumizi ili wasitoe.

Mashabiki hao ninawaelewa. Hata hapa, kiongozi akishaona timu inakwenda kwa kidogo, mwaka unaofuata anatoa kidogo zaidi. Kwa hiyo nina vitu nimevizungushia duara jekundu na hata mimi siruhusiwi kuvigusa: maji, bandeji, glavu za kipa, na 30,000 ya dharura ya kumpeleka aliyeumia hospitali. Jezi zinaweza kuwa na namba 4 mbili, lakini mtoto wa mtu asivunjike mguu tukaanza kupitisha kofia.

Kaunta buku nalisoma hadharani Jumapili ya pili baada ya mechi ya mwisho, chini ya mwarobaini pembeni ya uwanja, mstari kwa mstari, hata wakisinzia. Mwaka huu tulibakiwa na 37,500. Kocha akataka tuchinje jogoo wawili tupongezane. Nikamwambia jogoo nitaleta mmoja kutoka kwangu, huyo mwingine ajitolee yeye. Kisha nikafungua ukurasa mpya nikaandika tarehe, na mstari wa kwanza: hiace ya Same, kianzio, 30,000.